Usingizi Niliokunyima

Luchelele, Mwanza
Usiku wa kuamkia safari yako

Kemilembe mwanangu,

Salamu tumeshapeana mezani, na afya yako nimeiona kwa macho yangu ulipomaliza sahani ya ndizi ukaomba nyingine, kwa hiyo hayo ya kuulizana hali tuyaruke. Mambo ya chandarua, ya kutunza vyeti, ya kutokula ovyo njiani, mama yako ameyasema mara tatu leo na ya nne atayasema stendi. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikalia miaka mitano, na ningeendelea kulikalia kama nisingekusaidia kufunga begi lako mchana.

Ulikuwa umekwenda kuwaaga majirani. Zipu iligoma, nikaanza kupanga vitu upya, na chini ya mashuka yako mapya nikakuta kifurushi cha akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna anayoituma bibi yako kutoka Muleba ikiwa imefungwa kwa majani ya mgomba. Bibi huituma kwa ajili ya wageni, mgeni akifika apewe punje mbili tatu atafune huku akisubiri chakula. Wewe huendi Dodoma kupokea wageni. Unakwenda kusomea uuguzi. Nilijua mara moja kahawa ile ni ya kazi gani, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kazi hiyo.

Nilikirudisha kifurushi pale pale nikafunga zipu. Sikusikia uchungu wala hasira. Watu hudhani mzazi anayeagana na mtoto lazima awe na donge kooni. Mimi sina. Tangu dada yako Asimwe afariki, moyo wangu umekuwa kama mguu uliokaliwa vibaya. Najua upo, lakini ukiugonga hausemi kitu. Usinionee huruma kwa hilo. Nakueleza tu ili usome barua hii ukijua imeandikwa na mtu wa namna gani.

Jambo lenyewe ni hili. Asimwe hakufa kwa sababu wewe ulilala. Naliweka hapa mwanzoni kabla sijaanza kuzunguka, maana sisi walimu tuna ugonjwa wa kuficha majibu nyuma ya kitabu.

Sasa ngoja nizunguke.

Nilipokuwa bweni, miaka hiyo, tulikuwa na mtindo wa kudurusu usiku kucha tukiwa tumetumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi. Ukisinzia, miguu inakukumbusha. Mimi nilikuwa bingwa wa beseni. Nilipofaulu nilisema ni beseni, na hakuna aliyeniuliza kama ningefaulu bila hilo. Nikawa mwalimu wa biolojia, nikaoa, nikapata watoto wawili wa kike, na beseni nikalileta nyumbani. Lile la bluu, unalikumbuka. Asimwe alipoingia kidato cha tano nikaongeza kahawa ya bibi. Kitu cha heshima ya mgeni nikakifanya fimbo ya mtoto. Wewe ulikuwa kidato cha kwanza, na ukasema nawe unataka beseni lako, kwa kuwa ulitaka kila alichokuwa nacho dada yako. Nikafurahi. Nikawasifia kwa walimu wenzangu.

Mama yenu alikuwa akija mlangoni na khanga mabegani anasema watoto wamechoka. Nilikuwa namjibu kwa methali, mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali ni nzuri, ila huwa haisemi mwana analizwa kwa lipi.

Kidato cha sita, miezi michache kabla ya mtihani, Asimwe akaanguka jikoni. Wewe ndiye uliyemshika kichwa kisigonge sakafu. Nakumbuka ulivyofanya, ulivyomlaza ubavu, ulivyovua sweta lako ukaliweka chini ya shavu lake, na hakuna aliyekufundisha. Siku ulipoletewa habari kwamba umechaguliwa uuguzi, mimi nilikwisha kujua tangu jikoni pale.

Hospitali walisema ni kifafa. Daktari alikuwa kijana, mpole, akanieleza kama anayemweleza msomi mwenziwe. Akampa Asimwe vidonge, akasema asikose hata siku moja, kisha akasema, na hili nilisikia kwa masikio haya, kwamba kwa ubongo wa namna ile kukosa usingizi ni sumu. Nilitikisa kichwa kukubali. Wiki ile ile nilikuwa nafundisha vimeng'enya, zile protini zinazoendesha kazi za mwili, kidato cha nne. Niliwaambia wanafunzi kwamba kimeng'enya hakijui juhudi wala nia njema, kinajua joto lake na hali yake, ukivivuruga kinashindwa kazi. Walinakili vizuri sana. Wahenga walisema mganga hajigangi, nami nilikuwa uthibitisho wake.

Beseni nililiondoa, hilo nijisifie. Lakini nilikuwa na aibu. Mtaani walianza kunong'ona. Hapa kwetu ukisema kifafa, mmoja anakwambia ni majini, mwingine anakwambia ni mkono wa mtu, na wa tatu anahamisha kikombe alichokinywea mtoto wako. Mama Neema, yule mnayeimba naye kwaya, yeye kwa moyo safi kabisa alishauri maombi. Sikuona ubaya. Nikaenda mbali kuliko alivyoshauri. Niliweka nadhiri mbele ya kikundi kizima cha maombi kwamba familia yangu itakesha kanisani siku tatu mfululizo, mimi, mama, Asimwe na wewe, na kwamba kwa siku hizo tatu mtoto hatameza kidonge, ili ikionekana amepona ijulikane amepona kwa nini.

Usiku wa pili mchungaji alinivuta pembeni. Sitaki ubebe kinyongo na kanisa, ndiyo maana nakuandikia hili. Alisema, "Mwalimu, Mungu anasikia hata mtu akiwa kitandani. Wapeleke watoto nyumbani walale, na Asimwe mpe dawa yake." Nikamwambia nadhiri ni nadhiri. Moyoni sikuwa nawaza nadhiri. Niliwaza watu waliokuwa wameketi kwenye mabenchi, watakavyosema mwalimu alishindwa usiku wa pili.

Mchana hamkulala pia. Mlikwenda shule. Niliwapa kahawa.

Jumamosi asubuhi tulirudi nyumbani. Mama yenu alipitiliza sokoni. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika siku ya nne, na Jumapili nilikuwa nimealika watu wa kikundi kuja kula na kushukuru. Blanketi tulizokaa nazo kanisani zilikuwa zimejaa vumbi. Nikawatuma ziwani. Siku zote nilikuwa nawakataza kufulia kule kwa sababu ya kichocho, nikiwachorea hadi konokono ubaoni, lakini asubuhi ile kichocho nilikiweka likizo. Nikakwambia uende na dada yako na usimwondolee macho.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, na pengine unayajua vibaya. Asimwe aliingia hadi mapajani kusuuza blanketi. Wewe ulikuwa umekaa juu ya jiwe, sabuni mkononi. Ukasinzia. Yule mama aliyekuwa anafua upande wa pili wa jiwe aliona blanketi linaelea peke yake, akapiga yowe. Kina cha maji kilikuwa kile ambacho watoto wadogo huogelea. Mwenye kifafa akianguka kifudifudi, kina hakina maana.

Nilifika mbio. Ulikuwa umesimama ndani ya maji na nguo zako zote, sabuni bado umeishika. Nami, mbele ya watu wote wale, nikakuuliza neno moja.

"Ulilala?"

Ukasema ndiyo.

Basi. Hukupigwa, hukutukanwa. Lakini kutoka siku ile, mtaa mzima ulijua kilichomuua Asimwe, kwa sababu baba yake alikuwa ameuliza na mdogo wake alikuwa amejibu. Na mimi sikuuliza tena wala sikusahihisha. Mwanafunzi akiandika jibu baya ubaoni huwa silali mpaka nilifute. Hili nililiacha miaka mitano.

Nilikuona ulivyobadilika. Mchana hulali hata ukiwa na homa. Usiku nakusikia ukitembea. Shule walikusifu kwa bidii, nami nikapokea sifa hizo, nikijua si bidii, ni mtoto anayelipa. Kuna jioni moja ndizi ziliungua jikoni, ulikuwa umesinzia dakika mbili juu ya kigoda, na mama yako akasema usingizi wako umeigharimu nyumba hii vya kutosha. Nilikuwa sebuleni. Nilisikia kila neno. Niliongeza sauti ya redio.

Huko chuoni utafundishwa haya kwa majina makubwa. Mimi nakupa ya kidato cha nne, nayaandika polepole ili uyaelewe kama ulivyokuwa ukielewa hesabu, kwa kidole juu ya mstari.

Kila saa unayokuwa macho, ubongo unatumia nguvu, na katika kutumia huko kinabaki kitu kinachoitwa adenosini. Kinajikusanya kati ya seli kidogo kidogo. Kikinasa kwenye vipokezi vyake, kichwa kinakuwa kizito. Vipo vimeng'enya vya kukivunja na kukibadilisha, lakini ukiwa macho kinazalishwa kwa kasi inayovishinda, na ni usingizini ndipo mambo yanarudi mahali pake. Kahawa haipunguzi hata chembe. Inakalia tu kiti cha adenosini. Adenosini yenyewe iko mlangoni imesimama, na kila saa inaita wenzake.

Upande wa pili ziko peptidi za neva, protini fupi fupi ambazo seli za ubongo hutumiana kama ujumbe. Moja inaitwa oreksini. Inatolewa na seli chache sana, na kazi yake ni kukushikilia uwe macho. Ndiyo iliyokuweka wima usiku wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, ukiimba sauti ya pili karibu na dada yako. Lakini ina mwisho wake. Shinikizo la usingizi likiishinda, ubongo hauombi ruhusa kwa mwenye nao. Unafunga. Mtu anaweza kulala macho yakiwa wazi, akiwa ameshika usukani, akiwa ameshika sabuni. Mapenzi hayaingii hapo, wala utii. Ungeweza kumpenda Asimwe mara mia kuliko ulivyompenda, na bado ungelala.

Na kichwani mwa Asimwe, ubongo ule ule wa kifafa, siku tatu bila kulala, bila dawa, breki za umeme wake zilikuwa zimelegea. Daktari aliniambia. Kilichokulaza wewe juu ya jiwe na kilichomwangusha yeye majini ni kitu kimoja, na aliyekitengeneza kitu hicho ni mimi.

Nimesoma sana habari hizi. Nilianza wiki ya pili baada ya maziko, kwenye simu, usiku, kama mtu anayetafuta kosa kwenye karatasi iliyokwisha kusahihishwa. Nilitaka nione mahali palipoandikwa kwamba kumbe haikuwa hivyo. Sikupaona. Nikasoma pia kwamba mtu akikosa usingizi muda mrefu, hata namna anavyohisi mambo inavurugika, na nikacheka peke yangu, kwa sababu silali tangu siku ile, na sasa sijui katika ganzi hii yangu kipi ni msiba na kipi ni kemia. Siku ya maziko kule Muleba, walipomshusha kwenye shamba la migomba, wanaume walinishika mikono wakidhani nitaanguka. Nilikuwa natazama kaburi nikiwaza kwamba kona moja haijanyooka.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alizaliwa siku hiyo hiyo, ila hatujawahi kuzungumza.

Sikuambii uache kazi ya usiku. Muuguzi lazima akeshe, na mgonjwa akiita saa nane atajibiwa na mtu aliye macho. Ninachokuomba ni kwamba ukitoka zamu ulale mchana kweupe bila aibu, hata mwenye nyumba akikuita mvivu. Na ukimwona mzazi wodini anakataa mwanawe alale au ameze dawa, mzazi aliyesoma, anayejibu vizuri, anayetikisa kichwa, usimwamini kwa sababu ya kutikisa kichwa. Mfuate hadi nje. Yule daktari wangu alikuwa mpole mno kwangu. Kama angenifokea pale korido, labda. Hapana, nafuta hilo. Ningetafuta tu daktari mwingine.

Nimebakisha kitu, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Sijui kama unakikumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na minne na ulikuwa umechoka kuliko anavyopaswa kuchoka mtoto, kwa hiyo pengine kimefutika, na wewe umebaki na lile jibu lako tu la kule ufukweni.

Asubuhi ile, kabla hamjatoka na zile blanketi, ulinijia. Asimwe alikuwa nje anatafuta ndoo. Ulisimama mlangoni pa chumba chetu ukaniamkia, "Shikamoo baba," ilhali tulikuwa pamoja usiku kucha na hakukuwa na haja ya kuamkiana. Kisha ukasema, "Baba, naomba tulale kidogo kwanza, halafu ndiyo twende."

Ulisema tulale. Ulimwombea na yeye.

Nikakwambia, "Mtalala jioni."

Mlipotoka, nikafunga dirisha, nikavua viatu, nikalala mimi. Yowe la ziwani ndilo lililoniamsha. Nilipokuuliza lile neno langu mbele ya watu, shavu langu lilikuwa bado na mikunjo ya mto. Hakuna aliyetazama shavu langu. Nilimwambia mama yako, na nikawaambia wote waliokuja msibani, kwamba nilikuwa nasahihisha madaftari.

Leo jioni, ulipokwisha kuingia kulala, nilimwambia kweli. Alikuwa amekaa sakafuni anachambua mchele wa Magu wa kukufungia. Nilisema yote, la kuniomba, la kukataa, la mimi kulala. Nilisema kwa sauti ya darasani, maana nyingine sina. Nilipomaliza aliuliza, vidole vikiendelea kuchambua, bila kuinua uso.

"Baba Asimwe, mtoto alikuomba?"

Nikasema aliniomba.

Akaweka ungo chini. Akainuka akaenda chumbani kwako, akafunga mlango. Nilikaa nikingoja kilio, na niseme ukweli, nilikitamani. Nilichosikia ni kitanda kikilia mara moja, kama kinavyolia mtu wa pili anapopanda. Baadaye sana nilichungulia. Ulikuwa umegeukia ukutani, na mama yako amelala nyuma yako na viatu vyake miguuni, mkono ameupitisha juu yako. Sijui kama alikuamsha akakwambia, au alilala tu. Mlikuwa mnapumua pamoja. Nilisimama pale na kitu kikanigusa kifuani, si uchungu bado, ni kama ule mchonyoto wa mguu damu inapoanza kurudi. Kikapita. Lakini kilikuja.

Sasa ni saa tisa na dakika kumi. Basi lako linaondoka saa kumi na moja, na ilipaswa niwe nimekwisha kukuamsha. Chuo kinapokea wanafunzi mpaka Ijumaa, na mabasi ya Dodoma yapo kila siku. Simu yako ulikuwa umeitegea kengele tatu. Nimezizima zote. Ukiamka ukakuta jua limepanda na mama yako bado yuko kando yako, usiruke, usiombe radhi kwa mtu yeyote. Geuka upande wa pili.

Nipo hapa nje ya mlango wenu kwenye kiti. Akija mtu kubisha nitamwambia watoto wamelala.

Baba yako